Neno Elske

Skafu nyekundu ya Gyrite ilinasa kwenye usukani wa baiskeli ya Tyge nje ya stesheni ya treni ya Nørreport, watu wakitoka kazini na mvua ikinyesha.

"Usivute, utaninyonga."

"Basi tulia, dada. Ukitulia nitakununulia kahawa."

Kabla baridi haijaisha walikuwa wapenzi. Ila Tyge, mpishi wa mgahawa mwenye koti la ngozi lililochakaa, hakuwahi kumtamkia elske, neno la Kidenmaki la kupenda.

"Kwani litakukata ulimi?" Gyrite alimtania kwenye simu.

"Kwetu halikusemwa, mpenzi. Sijui hata linaanzaje mdomoni."

Gyrite alicheka, lakini lilimuuma. Miti ilipoanza kuchipua, Tyge akaanza kuahirisha miadi, kila jioni kazi. Gyrite akapiga simu mgahawani. Akaambiwa Tyge hutoka alasiri.

Ana mwingine, alijisemea. Akaenda kwake Vesterbro kwenye mvua, kuachana naye.

Mlango ulikuwa wazi. Tyge alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee wa kiti cha magurudumu, aliyepooza upande mmoja wa uso, akimlisha uji wa shayiri polepole.

"Ni baba," Tyge alisema. "Kiharusi. Aliniapisha mtu asimwone hivi."

"Nilidhani una mwanamke."

"Ningempatia wapi nafasi, Gyrite?"

Gyrite alikaa kitini, koti likichuruzika maji. Kazi yake ilikuwa kuandika asili za maneno katika kamusi, na asili ya elske aliijua tangu zamani, bila kuifikiria.

"Tyge, unajua elske limetoka wapi? Wataalamu wanalihusisha na neno la kale, ala. Kulisha. Kumlea mtoto mpaka akue."

Kijiko kilisimama hewani. "Baba hajawahi kuniambia neno hilo. Hata siku moja."

"Mama yako alipofariki ukiwa mdogo, nani alikulisha?"

Tyge aliweka bakuli chini, akaenda dirishani, akawapa mgongo. Mabega yalitikisika. Aliporudi alipiga magoti tena, akaushika mkono wa mzee uliokufa ganzi.

"Baba," alisema kwa taabu, kwa neno lilelile la elske, "nakupenda."

Mzee alimtazama sana. Chozi likamtoka kwenye jicho la upande mzima.

"Na wewe pia, Gyrite," Tyge akasema, bila kugeuka. "Nakupenda. Usiondoke."

Gyrite alivua koti lake, akaokota bakuli.

"Umepoa huu," alisema. "Ngoja niupashe."