Kiti cha Restituta

Ijumaa ile ilianza kama siku nyingine yoyote. Severini, fundi magari wa Nsemulwa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikunywa chai ya rangi, akala kiporo cha viazi, kisha akaenda gereji kwa mwenzake Nathanael kuazima vitu viwili: Land Cruiser kuukuu ya kuvutia gari bovu, na kile kigari ambacho Nathanael alikichomelea mwenyewe kwa vyuma chakavu. Ni kigari cha magurudumu mawili tu. Gari bovu linapandishwa magurudumu ya mbele, ya nyuma yanabaki chini yakibingirika, mnaondoka.

"Uzuri wake," Nathanael alisema, "huhitaji mtu wa kushika usukani kule nyuma. Unaufunga kwa kamba, unaenda zako peke yako."

Severini alifunga kigari nyuma ya Land Cruiser, akaondoka. Lile "peke yako" lilimkaa kifuani kutwa nzima.

Kwa miaka kumi na miwili, gari likiwaharibikia walilivuta kwa kamba, na wa kushika usukani nyuma alikuwa mkewe, Restituta. Severini akishapanda gari la mbele, alitoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Umekaa?" Restituta akapiga honi mara mbili. Safari inaanza. Hawakuwahi kuvuta gari bila hivyo.

Restituta alifariki masika ya mwaka jana. Pikapu ambayo Severini alikuwa anakwenda kuivuta, iliyokufa gia boksi njia ya Kasekese, ndiyo marehemu aliyokuwa akibebea mchele wake kwenda mnadani. Alikuwa mfupi, Mungu amrehemu. Kiti alikisogeza mbele mpaka mwisho, na bado akakalia kamto alikokashona kwa kitenge. Tangu azikwe, Severini, mrefu kama nguzo ya umeme, aliendesha pikapu ile magoti yakigonga usukani. Sisi majirani tulimcheka, yeye akatuacha tucheke. Kiti hakukigusa. Aliona kukisogeza ni kumzika mara ya pili, na pikapu ikipotea, basi naye kapotea kabisa.

Ijumaa hiyo aliikuta palepale alipoiacha Jumatano, kando ya shamba la mihogo, mbele ya nyumba ya Msukuma mmoja mzee, bibi Kabula. Betri aliing'oa siku ileile kwa kuogopa wezi. Ilikuwa nyumbani, chini ya kitanda.

"Mwadila, baba," bibi alimwamkia kwa Kisukuma, bila kutoka mlangoni.

"Mwadila, mayu. Asante, mama, kwa kunitunzia gari."

"Mimi sijatunza. Si uliacha mtu?" Bibi akashusha sauti. "Nilimpelekea uji jana. Hakushusha kioo. Nikamwachia kikombe changu cha bati juu ya boneti."

Severini akatazama boneti. Hapakuwa na kikombe. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu mweupe, Severini akayachukulia maneno yale kuwa ya uzee. Hakuuliza huyo mtu yukoje. Kutouliza huko anakujutia mpaka leo.

Akaanza kazi. Alirudisha kigari nyuma taratibu mpaka kikakaa sawa mbele ya pikapu, akafunga winchi ya mkono, akazungusha. Magurudumu ya mbele yakapanda. Akayabana kwa mikanda, akaongeza mnyororo kwa usalama. Akaingia uvunguni akafungua propela, kile chuma kinachounganisha gia boksi na magurudumu ya nyuma, ili gia boksi isizidi kuumia. Mwisho akafungua mlango, akaufunga usukani kwa kamba, fundo juu ya fundo. Kamto kalikuwa mahali pake. Akakapapasa.

"Tunarudi," alinong'ona.

Jua lilikuwa linazama. Barabara haikuwa na ng'ombe, haikuwa na baiskeli. Bibi Kabula alikuwa amefunga mlango wake mapema mno. Severini alipanda Land Cruiser, akawasha, na mazoea yana taabu: akatoa kichwa dirishani.

"Umekaa?"

Honi ikalia. Mara mbili.

 Betri iko chini ya kitanda. Akatazama kwenye kioo cha pembeni. Kioo cha mbele cha pikapu kilijaa vumbi na wekundu wa jua. Nyuma ya vumbi palikuwa na weusi wa mtu aliyekaa.

Hakushuka kwenda kuangalia. Mngedhani ni woga, na woga ulikuwepo. Lakini alichoogopa zaidi ni kufika pale akute hakuna mtu.

Akaondoka polepole. Kila penye shimo alipunguza mwendo, asimrushe. Alianza kuongea. Alimweleza jinsi nyumba ilivyo kubwa siku hizi, jinsi anavyopika ugali mwingi kila siku kwa kusahau. Alilia, akacheka, akalia tena. Kwenye mteremko alihisi breki zikishikwa kule nyuma, kama Restituta alivyozoea kufanya ili kamba isilegee. Ila mguu wa Restituta ulikuwa mwepesi. Huu ulikuwa mzito.

Akajisemea, mwaka mzima umepita, mtu husahau.

Karibu na mjini, mwendesha baiskeli mmoja mwenye magunia ya mkaa alishuka, akasogea kando. Land Cruiser ilipita, hakufanya kitu. Ilipopita pikapu, akavua kofia.

Nyumbani, Severini alifungua geti lote. Akauacha na mlango wa nyumba wazi.

"Karibu nyumbani, Resti," alisema kwa sauti ndogo. "Ingia. Usisubiri nje."

Akapika dagaa. Akaandaa sahani mbili mezani. Akalala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu msiba.

Asubuhi alitoka kwenda kuishusha pikapu, mlango wa nyumba akauacha wazi vilevile. Kamba ya usukani ilikuwa imefunguliwa. Haikukatwa. Ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya dashibodi. Kwenye pedali palikuwa na udongo mbichi. Kamto ka kitenge kalikuwa chini, kwenye vumbi.

Na kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma. Nyuma mpaka mwisho.

Severini alipanda, akakaa. Alinyoosha miguu. Yeye, mrefu wa mtaa mzima. Miguu haikufika kwenye pedali.

Alishuka. Aligeuka kutazama nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa. Akausukuma. Umekomelewa kwa ndani. Kizingitini, kimeoshwa, kimefunikwa mdomo chini, kulikuwa na kikombe cha bati.

Siku hizi analala gereji kwa Nathanael. Nyumba ipo, kigari kipo, pikapu imeinua pua uani kama alivyoiacha. Alitusimulia yote mara moja tu; ukimuuliza sasa, habari za kiti hasemi tena, wala za kikombe. Analosema ni moja tu, tena kwa kunong'ona: kwamba aliyesema "karibu" ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.