Pigo la Shimo la Saba

— Mama Salvina, kaa hapa. Nataka nikusomee kitu.

Nilicheka. Mume wangu Leodgar, mtu mzima wa miaka arobaini, alikuwa hajawahi kunisomea hata jina la duka.

— Umeanza lini kusoma wewe?

— Mwezi wa saba huu. Ngumbaru, darasa la watu wazima, pale shuleni. Nikikuaga naenda duarani kuchimba, nilikuwa napitia huko.

Tulikuwa Nyarugusu, mwaka themanini na moja, yeye anachimba dhahabu na kurudi na udongo mpaka masikioni. Akafungua kopo lake la bati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaikunjua. Kicheko kikaniisha, nikakaa.

Ilikuwa kadi ya gofu.

Ngojeni niwaeleze, maana najua mtauliza gofu na Msukuma wapi na wapi. Mwadui kwenye almasi kulikuwa na kiwanja. Nyasi za kubahatisha, na kuzunguka mashimo walimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe. Leodgar alianza kubeba mabegi ya wazungu pale angali mtoto. Mwaka sitini na tano akawa mchezaji wa kulipwa. Akafundisha wakubwa, akacheza Nairobi na Ndola, akarudi na gazeti lenye picha yake ambalo hakuweza kulisoma. Hilo tulilijua wawili tu, yeye na mimi mchumba wake, niliyesomeshwa na masista. Hata sahihi nilimfundisha mimi, kwa kijiti, kwenye mchanga ule ule wa oili.

Sasa, kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na hujiandikii. Mwenzako ndiye anakuandikia mapigo yako kwenye kadi, wewe unahakikisha, unaweka sahihi. Kadi ikionyesha pigo moja pungufu, unafukuzwa, hata kama aliyekosea ni mwandishi. Kwa hiyo kila mchezo ukiisha Leodgar alikuja pembeni kama anayenisalimia, ananitajia mapigo yote kutoka kichwani, shimo kwa shimo. Mimi naangalia kadi, naandika jumla chini, nasema sawa.

— Shimo la kwanza, nne, akasoma, kidole kikifuata mstari. La pili, tano. La tatu, tatu.

Alisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Niliomba Mungu la saba lisifike.

— La saba, nne.

Kidole kikasimama hapo.

— Mimi la saba nilipiga tano, Anisia. Mpira uliingia korongoni. Nilikutajia tano.

— Otmar ndiye aliyeandika nne.

Otmar alikuwa rafiki yake tangu utoto, na ndiye aliyemwandikia kadi siku ile.

— Miaka kumi na miwili nasema Otmar aliibadilisha baada ya wewe kuiangalia. Akaniapia kwamba alikosea tu. Akanifuata mpaka hapa, nikamtemea mate. Mwezi jana amekufa, nikaambiwa nikazike, nikasema mbwa azikwe na mbwa wenzake.

— Baba Salvina...

— Hapa chini kuna jumla. Sabini na moja. Hii moja uliyoivalisha kofia ni mwandiko wako, ndivyo unavyoandika tarehe kwenye madaftari ya mtoto. Mimi nilipiga sabini na mbili. Uliona?

Ningeweza kusema sikumbuki. Lakini uongo nao unachosha.

— Niliona.

— Ulijua watanifukuza?

— Wewe ndiye uliyenifundisha sheria hiyo.

— Nilikuwa nimeshinda, Anisia. Hata kwa hiyo tano nilikuwa nimeshinda. Mtu mmoja kwenye watazamaji akasema huyu la saba alipiga tano, nikaitwa mwizi wa mapigo mbele ya watu, nikarudishiwa kadi yangu kama takataka. Hakuna klabu iliyonipokea tena. Kwa nini?

Mshindi wa siku ile alikuwa anapelekwa Ulaya mwaka mzima. Jirani yetu Generosa, mchumba wake naye mcheza gofu, aliagwa kwa miezi mitatu ya Nairobi, mwanaume hakurudi, na mpaka leo analea peke yake. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi miwili, sijamwambia mtu, na tangazo letu la ndoa halijasomwa kanisani.

— Niliogopa hutarudi.

— Ungeniambia una mimba.

— Ungesema utarudi.

— Ningerudi.

— Wote husema hivyo, Baba Salvina.

Hakunipiga. Bora angenipiga. Alichukua daftari la Salvina na penseli, akainama, akaandika mpaka ugali ukapoa. Kisha akanisogezea.

— Barua ya kumpelekea mama yake Otmar. Angalia kama iko sawa, niweke sahihi.

Nikasoma: "Mama Otmar, shikamoo. Mwanao hakunidhulumu. Kadi nilihesabu vibaya mimi mwenyewe. Nisamehe sikuja kuzika."

Alikuwa ameshika penseli, ananitazama kama alivyonitazama siku ile. Neno moja tu lilitakiwa, na nililizoea mdomoni.

— Haiko sawa, nikasema.

Nikauchukua mstari wa katikati, nikaufuta, nikaandika: "Kadi niliiangalia mimi, Anisia. Niliona kosa nikanyamaza." Leodgar akaisoma yote tena, neno kwa neno, ndipo akaweka sahihi.

Tulikwenda wote mpaka Maganzo, kwa mama yake Otmar.

— Mayu, shikamoo, nikamwita mama kwa Kisukuma.

Bibi hakuitika. Leodgar akamsomea barua mwenyewe, amesimama uani. Ilipoisha, bibi akanigeukia mimi.

— Una mtoto?

— Ninaye, Mayu.

— Yuko hai?

— Yuko hai.

Akaingia ndani, akafunga mlango. Tulikaa pale mpaka jua likahama ukuta, hakutoka, tukaondoka.

Leodgar hakuniacha. Tulizaa wengine wawili, akazeeka mikononi mwangu, na kaburi lake nalifyeka mimi. Watu husema nilibahatika mume, na ni kweli. Lakini tangu siku ile, karatasi yoyote iliyoingia nyumbani aliisoma mwenyewe. Hata macho yalipoharibika, aliisogeza puani, akahangaika nayo mpaka machozi yakamtoka. Mimi nimekaa pembeni yake, miwani yangu usoni, na hakuniomba.