Jina Lililoitikiwa

Kompyuta ilikubali jina ambalo ilipaswa kulikataa. Ndivyo jambo lenyewe lilivyoanza, mchana kweupe, mwaka 2006, katika ofisi ya shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe.

Enzi za serikali, jengo lile lilikuwa na makarani arobaini. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi walipunguzwa wote, vyumba vikatiwa makufuli, akaajiriwa Siamanta, peke yake na kompyuta moja. Alikuwa Mmaasai kutoka nyanda kavu za Handeni, mwenye miaka ishirini na tisa, amepanga chumba mtaa wa Manundu. Siku nyingine hakuongea na mtu tangu asubuhi hadi jioni, isipokuwa Ernesti, fundi wa makao makuu Dar es Salaam, naye kwa simu.

Kila siku saa sita Siamanta alifungua VPN, ile njia ya siri ndani ya intaneti, ili apeleke taarifa makao makuu. Siku hiyo umeme ulikatika VPN ikiwa wazi. Uliporudi, hakuna ukurasa uliofunguka. Akampigia Ernesti.

"Hilo dogo, dada," Ernesti alisema. "Kompyuta haijui majina, inajua namba. Ukiiandikia jina, lazima imuulize mtu: fulani anakaa namba ngapi? Anayeulizwa ndiye DNS. Siku zote inamuuliza wa hapo Korogwe. Ukifungua VPN, inageuka kumuuliza wa kwetu huku. Ukiifunga vizuri, inarudi kwa wa kwenu. Ikikatika ghafla, huwa inasahau kurudi, inabaki kumuuliza asiyeisikia. Hebu nisomee namba ya DNS iliyopo."

Siamanta akaisoma. Ernesti akamwomba airudie.

"Hiyo si ya kwenu," akasema. "Wala si ya kwetu. Andika jina lolote lisilokuwepo kwenye mtandao. DNS ya kweli itakwambia halipo."

Siamanta akaandika *leboo*. Leboo alikuwa kaka yake, mtu pekee katika ukoo aliyekuwa akija mjini kumjulia hali. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kuchimba madini kaskazini, shimo likamfunika, na mwili haukupatikana.

Namba ikaja papo hapo.

"Imejibu," Siamanta alinong'ona.

"Imejibu? Basi mwenye kujua kila jina mimi simwamini. Ifute hiyo namba, dada, halafu uzime."

Hakuifuta. Alikata simu, akaifungua ile namba aliyopewa. Ukaja ukurasa mweupe, na katikati yake neno moja: *Takwenya*. Ndivyo mwanamume wa Kimaasai anavyomsalimu mwanamke. Miaka mitatu sasa hakuna aliyemwamkia hivyo. Siamanta aliitazama korido tupu, akaandika jibu lake: *Iko*.

Tangu hapo hakuizima tena kompyuta. Waliandikiana kila mchana, habari za ng'ombe, za mvua, za utoto. Jua lilipokuwa la utosi ilikuja harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, na njuga za ng'ombe zikalia mle ndani, kwanza katika chumba cha mwisho kabisa, kesho yake katika kile kinachofuata, na siku iliyofuata karibu zaidi, nyuma ya milango ambayo makufuli yake yalikuwa yameshika kutu na hakuna aliyejua funguo zake zilikokwenda, mpaka akawa anazisikia nyuma ya ukuta aliouegemea, pamoja na pumzi nzito ya kitu kilichosimama kumsubiri. Aliogopa. Lakini alikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Siku ya tano maandishi yalimuuliza: *Mama anakaa wapi?*

Siamanta akaeleza njia yote, kutoka Mkata hadi boma la tatu baada ya bwawa. Alipokwisha kutuma ndipo akili ikamrudia. Leboo alizaliwa katika boma lile.

Jioni mama yake, Nalangu, alipiga kwa simu ya jirani. "Kaka yako ameniita leo nyuma ya zizi. Niliinuka nimfuate, mbwa wakaniziba njia."

"Usiitike, mama! Mtu yeyote akikuita kutoka nje, kwa sauti yoyote ile, usiitike, usifungue!"

Usiku huo huo alimwamsha mwenye nyumba wake, Bibi Mwaija, Mzigua mtu mzima aliyekuwa akitibu watu Manundu.

"Shikamoo, bibi. Nimeita mtu aliyekufa, nikaitikiwa."

Bibi Mwaija alisikiliza mpaka mwisho. "Aliyeitwa hayupo, mjukuu wangu. Jini hajui kusema 'hayupo'. Anaitika yeye."

Kesho yake mchana walikwenda wote ofisini. Bibi aliweka ubani kwenye kaa la moto, akasoma dua zake kwa sauti ya chini, na njuga nyuma ya ukuta zikalia kwa fujo. "Muulize jina lake," akaamuru.

Siamanta akaandika. Jibu likachelewa, kisha likaja: *Siamanta.*

"Funga, mwanangu! Funga!"

Akaufunga ukurasa, akaifuta ile namba ya DNS. DNS ya Korogwe ikarudi. Njuga zikakoma. Akaandika *leboo* kwa mara ya mwisho, na kompyuta ikasema jina hilo halipo. Siamanta akalia kama siku ya matanga.

Hakungoja. Alipanda basi la kwanza lililopita, akashuka Mkata, akatembea hadi jua likakaribia kuzama. Bomani mbwa hawakumbwekea. Walifyata mikia wakarudi nyuma. Mlango wa nyumba ya mama yake ulikuwa umefungwa, na ndani kulikuwa na mazungumzo ya chini chini, ya watu wawili waliozoeana.

"Mama," aliita. "Ni mimi, Siamanta. Nifungulie."

Mazungumzo yakakatika. Akasikia kibuyu kikiwekwa chini, kisha sauti ya mama yake, ikimnong'oneza aliyekuwa naye mle ndani, kwa hofu na upendo:

"Nyamaza, Siamanta mwanangu. Usiitike. Kiko mlangoni."