Nani Aliiba Feni ya Kabati la Dima?

Marehemu alikuwa amesimama wima nyuma ya jukwaa, milango wazi, akinuka vumbi lililoungua.

"Kwa hiyo huyu ndiye maiti?" aliuliza Inspekta.

"Bado ana joto, afande," alijibu fundi wa taa. "Mguse."

Inspekta hakumgusa. Kituoni walimwita Inspekta Kwahiyo, maana hakuwahi kuuliza swali bila kuanza na neno hilo, hata akinunua soksi. Alikuwa ameambiwa kwenye simu kuna kifo jumba la maonyesho, akaja na king'ora juu, na sasa alikuwa anatazamana na kabati la chuma refu kuliko yeye, limejaa droo toka juu hadi chini.

"Kwa hiyo nani aliyepiga simu kusema kuna kifo?"

"Mimi," fundi alisema bila haya. "Ningesema kabati limezimika, mngekuja?"

Wasingekuja, na Inspekta alilijua hilo vizuri. Akatoa kalamu.

Lilikuwa kabati la dima. Kila droo ina dima yake, na kila dima ina taa yake kule juu ya jukwaa. Dima ndiyo inayoifanya taa iwake taratibu kama kunakucha na kufifia taratibu kama kunakuchwa. Kabati lenyewe lilikuwa limekula chumvi nyingi kuliko fundi wake. Waliojenga jumba waliliweka pembeni kabisa mwa jukwaa, nyuma ya pazia, wala hawakumwomba ushauri mtu mwenye akili timamu. Asubuhi hiyo, katikati ya mazoezi ya mwisho, lilipata joto kupita kiasi likajizima lenyewe. Mfalme wa mchezo akabaki gizani, upanga juu. Na onyesho la kwanza ni saa kumi jioni, siku hiyo hiyo.

"Si ajali," alisema fundi. "Ni wizi. Chungulia hapo chini. Unaona feni?"

"Naiona."

"Siyo yenyewe! Jumatatu nilifunga feni mpya, nimeiomba mpaka nimeota mvi, na jana mchana ilikuwa bado ipo. Kimya kabisa, unadhani haizunguki. Hii hapa ni ile kuukuu niliyoitupa stoo, inanguruma utafikiri lori limekwama matopeni."

"Kwa hiyo mwizi kachukua mpya, akaacha kuukuu."

"Na kaifunga kinyumenyume! Badala ya kutoa joto nje, inalirudisha ndani. Kabati limejipika lenyewe. Asingeigeuza, hata mimi nisingejua mapema hivi. Ningedhani mpya imeanza kulalama."

Inspekta alipiga picha eneo la tukio. Alama za vidole zilikuwa nyingi mno: vumbi la kabati lile lilikuwa limeguswa na kila mtu aliyewahi kupita pale kwenda chooni. Ila alikiona kitu kimoja. Skrubu za feni zilikuwa zimekazwa kwa adabu, moja baada ya nyingine, pasipo mkwaruzo. Mwizi gani huyu, asiye na haraka?

"Kwa hiyo unamshuku nani?"

"Mwongozaji," fundi alijibu papo hapo. "Huyo mama hanipendi."

Mwongozaji wa mchezo alikuwa mwanamke mfupi mwenye skafu tatu shingoni, na hasira ya kuzitosha zote.

"Niuharibu mchezo wangu mwenyewe, siku ya kwanza?" alifoka. "Afande, mimi matatizo ninayo tayari. Mfalme wangu kaugua koo tangu Jumatatu, hajafanya mazoezi. Leo kapona, kaja, kaanza vizuri, halafu taa hizo, pyuu! Namheshimu mzee wetu, lakini sasa basi. Akikwama tena leo, taji nampa yule anayecheza mlinzi. Joho tumeshamjaribisha, linamkaa."

"Kwa hiyo mfalme anajua?"

"Jumba hili lina masikio. Anajua."

Inspekta akaandika: *koo, Jumatatu*. Akaandika tena: *feni mpya, Jumatatu*. Akaviangalia vile vitu viwili kwa muda.

Mfalme alikuwa chumba cha mavazi, mzee mrefu mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Pembeni yake alikaa mkewe, kamama kembamba kenye miwani. Huyo ndiye alikuwa mkumbushaji: alijibanza nyuma ya pazia, karibu na kabati, na mwigizaji akisahau neno alimnong'oneza.

"Kwa hiyo, mzee, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani," alisema mkewe.

"Nimemuuliza yeye, mama."

"Nyumbani!" alinguruma mfalme.

"Kwa hiyo ulikuwa unafanya nini?"

Mzee akatazama dari. Mkewe akakohoa kidogo, "Maji ya moto."

"Nilikuwa nakunywa maji ya moto!"

"Kwa hiyo koo lilipona lini?"

"Leo alfajiri," alisema mkewe, kisha akajifuta midomo kana kwamba neno limemtoka kwa bahati mbaya.

Inspekta alishukuru akatoka. Koo limeugua siku feni mpya ilipofungwa, likapona mara tu feni mpya ilipoibwa. Alikuwa amekutana na makoo mengi kazini, lakini hakuwahi kukutana na linalofuata umeme.

Nyuma ya jukwaa fundi alikuwa ameing'oa feni kuukuu na sasa alikuwa anachomoa droo moja na kuichomeka kwingine, huku akisemasema.

"Kwa hiyo unafanya nini?"

"Joto lile limejeruhi kitu. Taa moja inapepesa. Sasa sijui mgonjwa ni dima, waya au taa yenyewe. Basi dima hii naihamishia jirani. Taa ya jirani ikianza kupepesa, dima ndiyo mbovu, kwa sababu ugonjwa umeifuata. Ugonjwa ukibaki pale pale, dima haina hatia. Ila unahamisha kitu kimoja tu, afande. Ukihamisha viwili kwa pamoja, utamfunga mtu asiye na kosa."

Inspekta akaandika: *kitu kimoja tu*.

"Kwa hiyo unaweza kuliwasha kabati bila feni?"

"Kwa muda mfupi, milango ikiwa wazi na mtu akilipepea."

"Lipepee."

Basi mazoezi yakaanza upya. Taa zilikuja juu taratibu. Nyuma ya pazia fundi alikuwa anapepea kabati kwa kipande cha boksi, jasho linamtiririka, matusi anayameza. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba viti vilisikika vikilalamika. Mfalme akapanda kiti cha enzi.

"Mama," Inspekta alimwita mkumbushaji, "njoo huku mbele nikuandike maelezo."

"Sasa hivi? Mbona mume wangu yuko jukwaani?"

"Sasa hivi."

Akaja, akakaa kiti cha mbele, vidole vinasokota pindo la kitenge.

"Enyi watu wa nyumba hii!" alinguruma mfalme. "Leo nawaambia..."

Akanyamaza. Akageukia pazia. Nyuma ya pazia palikuwa na fundi na boksi lake tu.

"Leo nawaambia..." alirudia. Sauti ilikuwa imepungua nusu. Mwongozaji alishika kichwa. Mlinzi akakohoa na kunyoosha mabega, kana kwamba taji limeshafika kichwani.

"Rudi mahali pako, mama," alisema Inspekta.

Mkumbushaji alirudi mbiombio. Mara mnong'ono ukasikika wazi hadi safu ya nyuma: "...*kwamba sitashuka.*"

"KWAMBA SITASHUKA!" alitamka mfalme, na maneno yaliyofuata yakaja yote, mengi, mazuri, mpaka mtu unasisimka.

Inspekta aliinua mkono. "Kwa hiyo, mama, njoo tena."

Safari hii alikuja akilia.

"Ni mimi," alisema. "Feni ya zamani ilikuwa inanguruma, nikimnong'oneza anasikia yeye peke yake. Jumatatu nikamkumbusha neno moja tu, na anayefagia kule nyuma kabisa akaniitikia, 'Asante, mama!' Nikamwambia mume wangu augue koo mpaka nipate la kufanya. Kuua kabati sikutaka, afande, Mungu shahidi."

"Kwa hiyo ulifanya yote hayo kwa ajili ya taji?"

"Taji la karatasi lile? Maneno yanamtoka, baba. Majina ya wajukuu yanamtoka. Juzi kaniita kwa jina la dada yangu. Lakini akisimama pale nikampa neno la kwanza, mengine yanarudi yenyewe, naye anakuwa yule yule aliyenioa. Wakimshusha pale, mimi nitarudi nyumbani na nani?"

Alikuwa anasema kwa kunong'ona, kama alivyozoea, na kila mtu alisikia.

Mfalme akashuka jukwaani, joho linafagia ngazi. "Mwachie huyo mwanamke! Mwizi ni mimi! Nifungeni!"

"Kwa hiyo uliifungua feni kwa kitu gani?"

Mzee akafungua kinywa. Akamwangalia mkewe.

"*Bisibisi,*" alinong'ona mkewe, ndiyo mazoea.

"BISIBISI!"

"Kwa hiyo mpya uliificha wapi?"

"*Kapu la mavazi.*"

"KAPU LA MAVAZI!"

"Kwa hiyo kuukuu ukaigeuza kinyumenyume kwa nini?"

Mkumbushaji alishtuka. "Kumbe niliigeuza?"

"KUMBE NILIIGEUZA?" alinguruma mfalme.

Mlinzi ndiye aliyeangua kicheko cha kwanza. Fundi akaangusha boksi. Inspekta aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika, na alipogeuka tena macho yalikuwa yamelowa, ila sidhani kama ni kwa kucheka tu.

"Kwa hiyo," alisema, akifunga jalada, "mali ya jumba iko ndani ya jumba. Sijaona wizi hapa. Fundi, katoe feni yako kapuni."

Mwongozaji akawasogelea wale wawili. "Mbona hamkuniambia?" aliuliza.

"Ungesema nini?" alijibu mkumbushaji.

Mwongozaji akaangalia chini. Alijua angesema nini. Akavua skafu moja, akajipangusa nayo uso.

"Mama, kachague joho na wewe. Mfalme gani anakaa kitini bila mshauri wa kumnong'oneza? Utakaa mkono wake wa kulia, mbele ya watu wote."

"Mshauri wangu awe mke wangu?" alidakia mfalme.

"Kwani nyumbani ni nani?" alisema mkewe.

Saa kumi watu walijaa hadi milangoni. Mfalme akakwama mara kadhaa, na kila alipokwama aliinama kwa mshauri wake, akasikiliza, akainua kichwa, akatoa amri. Watazamaji wakaambiana huyo ndiye mfalme, hakurupuki. Inspekta alikaa nao na tiketi yake mkononi, kazi yake ilikuwa imekwisha zamani.

Neno la mwisho likatamkwa. Mzee akabaki amesimama kwenye mwanga, macho yanahangaika. Akamwinamia mkewe.

"Tumemaliza?"

"Bado, mume wangu," alimnong'oneza, akamshika kiwiko. "Wanakupigia makofi. Inama."