Mkate wa Bi Léontine

Ni nani aliyekuwa akiula ule mkate, hadi leo hakuna mtu wa kijiji cha Montrezac aliyeweza kueleza. Bi Léontine Vidalou alikuwa ameshazikwa, nyumba yake imefungwa kwa kufuli. Siku iliyofuata mazishi, Josiane, aliyepitisha mikate kwa gari nyumba hadi nyumba, alisimama langoni pake kwa mazoea, akatia mkate katika mfuko wa kitambaa ulioning'inia pale. Kesho yake mkate haukuwepo. Mfuko ulikuwa umekunjwa mara nne, kama marehemu alivyozoea kuukunja.

Angeacha kuweka mkate pale, lakini aliogopa kuacha. Asubuhi zilizofuata ilikuja harufu, harufu ya nyumba iliyofungwa na mtu ndani, ikaingia garini, ikakaa kiti cha pembeni, ikamfuata kitongoji hadi kitongoji, ikapenya katika mikate yenyewe mpaka wateja wakaanza kuinusa kabla ya kulipa na kumtazama usoni.

Akaenda kwenye baraza la kijiji.

"Ni panya hao," meya alisema.

"Panya gani anakunja mfuko?"

"Kama yupo, aje kwangu anikunjie mashuka," alisema mzee Ulysse, mjumbe wa baraza na mganga anayetoa moto wa majeraha ya kuungua kwa kunuiza maneno. Wakacheka. Kisha akauliza taratibu, "Binti, Bi Léontine alipoanguka akalala sakafuni siku zile tatu kabla hajakutwa amekufa, mikate yake ilikwenda wapi?"

Josiane alitazama meza. "Niliwapa kuku. Niliiondoa langoni kabla polisi hawajafika."

"Kwa hiyo uliona haichukuliwi."

"Niliona. Niliongeza mwingine juu yake. Bi Léontine alikuwa na maneno mengi, ukishuka garini hupandi tena, na mimi watu wananingoja." Sauti ilipungua. "Siku ya pili nilisikia kitu kinagonga ndani. Nikasema ni dirisha."



"Ungetuambia, Josiane," meya alinong'ona.

"Na wewe ulipita pale na trekta mara ngapi?" Ulysse alimuuliza. "Mimi mwenyewe naishi ng'ambo ya barabara. Nililiona dohani lake halitoi moshi, nikasema labda anabana kuni."

"Basi mtoe marehemu mle ndani, mzee," meya alisema. " Mtoe kama unavyotoa moto."

"Huyu hatolewi. Aligonga, hakuitikiwa. Sasa mtu ambishie hodi, angoje aitikiwe, aingie, akae naye mpaka amalize maneno yake."

"Kwa muda gani?" Josiane aliuliza.

"Atakaoutaka yeye."

Wote waliokuwemo walipiga kura kwa mikono kama mtu aende, na mikono yote ikainuka, wa Josiane wa mwisho. Meya akasukuma ufunguo wa nyumba ya marehemu juu ya meza, bila kumtazama yeyote. Aliyeuchukua ni Josiane.

Kesho yake saa moja asubuhi alizima gari langoni, akashuka na mkate kwapani.

"Hodi, Bi Léontine. Ni mimi wa mkate."

Alibisha mara tatu. Sauti ya ndani ilipomwambia karibu, akafungua kufuli, akaingia.