Mlango Uliofungukia Baharini

Sogeeni hapa karibu yangu. Zimeni simu, na huyo anayetafuna karanga angoje. Kisa hiki hakitaki kelele.

Owen alikuwa msanifu majengo huko Kista. Akapewa kazi ya kukarabati hoteli kongwe ya gofu, kando ya bahari nje ya Stockholm. Ghorofa ya tatu akakuta mlango usio na roshani. Ukiufungua, chini ni mawe na maji.

"Aliyeichora hoteli aliuweka makusudi," mwenzake Filip akamwambia. "Ila hakusema ni wa nani."

Saa kumi alasiri, giza la Desemba la kule kaskazini limeshatanda, Owen yuko peke yake anapima ukuta, mlango ule ukagongwa. Kwa nje! Ngo, ngo. Naye, kwa malezi ya mama yake, mdomo ukamtangulia: "Karibu!"

Hakuingia mtu. Harufu ya mwani tu ikampita puani.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwake Bredäng, mpira wa gofu ukawa unabingirika juu ya dari, na juu yao hakuna anayeishi, na binti yake Pearl akawa anaongea Kiswidi na pembe ya chumba, anacheka, ananyamaza kama anayejibiwa, kisha anaamka nywele zimelowa maji ya chumvi, akikohoa mchanga, midomo ikizidi kuwa ya buluu.

"Baba Pearl," mkewe Daphne akanong'ona, "mtoto anazama kitandani. Umetuletea nini?"

Wakamwita Mzee Sulaiman, mganga wa Rinkeby, na chetezo chake. Udi ukakataa kuwaka.

"Nitamfukuzaje, mwanangu," mzee akamwambia Owen, "na umemkaribisha mwenyewe? Huyo ni mgeni wako. Kamsindikize."

Owen akarudi hotelini, nyuma yake sakafu ikilowa nyayo kwa nyayo. Akaufungua mlango.

"Haya, kwaheri."

"Nisindikize kidogo," sauti ikamwambia, kwa upole.

"Hapa panatosha."

"Basi acha nirudi kwa mtoto."

Owen akavua koti, akalitundika, akavuka kizingiti.

Kule Bredäng, Pearl akafumbua macho, akaomba uji.

Kazi aliirithi Filip, mlango hakuugusa. Daphne alirithi koti, halijakauka mpaka leo. Pearl alirithi hodi: likiingia giza la Desemba, mlango wao hugongwa, na sauti ya babake hubisha hodi kwa adabu zote. Kwa hiyo mkienda kwa Daphne, ingieni tu. Msingoje kukaribishwa. Neno "karibu" katika nyumba ile halitamkwi.