Mchezaji wa Pili

Wilfred aliujua mlio wa pedi ya gemu, tak, tak, tak, vidole vya mtoto vikibonyeza. Jioni ile, akivua viatu kibarazani, alisikia pedi mbili.

Sebuleni alimkuta binti yake Fina peke yake. Kwenye runinga, sungura na dubu, wale wa filamu za katuni ambazo watoto wote wa Bigwa walizikariri, walikuwa wakivuka mto. Gemu lenyewe halichezeki na mtu mmoja. Sungura anapanda, dubu anamshikia kamba. Mmoja akizubaa, wote wanazama. Na dubu alikuwa ameishika kamba.

"Unacheza na nani?"

"Na mwenzangu," Fina alijibu bila kugeuka. "Shikamoo, baba."

Pedi ya pili ilikuwa mkekani. Wilfred aliiokota. Ilikuwa imelowa, baridi kama jiwe la mtoni.

Mkewe, Cecilia, alikuwa amekwenda Matombo kumuuguza mama yake. Alipoondoka alimwomba mumewe jambo moja tu: "Jioni ucheze na mtoto. Anaogopa upweke." Wilfred aliitikia. Lakini kila alipotoka kwenye karakana yake ya kuchomelea, alipita nyumbani kubadili shati tu, kisha huyo, kijiweni kuangalia mpira. Fina akimnyooshea pedi aliambiwa, "Kesho, mwanangu." Kesho zikawa nyingi. Hatimaye mtoto akaacha kuomba, na Wilfred, Mungu amsamehe, akaona ametua mzigo.

Sasa hakutoka tena. Alikaa akimwangalia mwanawe anavyokonda, anavyokataa ugali, anavyocheka akielekea upande usio na mtu, na harufu ya matope na majani yaliyooza ikijaa nyumba nzima. Siku moja uzalendo ukamshinda, akaung'oa waya ukutani; runinga ikazimika, lakini mlio wa pedi haukukoma, ukaendelea kwenye kile kiza cha kioo, tak, tak, na kutoka kinywani mwa Fina ikatoka sauti nzito, tulivu, isiyo ya mtoto: "Nafasi hii uliiacha wewe."

Alikimbia pekupeku hadi kwa jirani yake, ustadhi Abdulswamad.

"Ustadhi, nimemuua mwanangu," alinong'ona.

Ustadhi alikuja na udi na chupa ya maji. Aliketi karibu na Fina, akamuuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, huyu mwenzako alikujaje?"

"Nilimwita," mtoto alinong'ona. "Baba alikuwa ametoka. Nikasema, yeyote anayetaka kucheza na mimi, aje."

Wilfred aliinamisha kichwa.

"Nitasoma," ustadhi alimwambia. "Wewe washa gemu, ukae pale mkekani palipolowa, ucheze na mwanao. Lolote litakalokupata, usinyanyuke."

Wilfred aliketi, na kisomo kilipoanza alihisi mikono mingine, ya baridi, ikiifunika yake na kumminya vidole juu ya pedi hadi vikaalika, pumzi ya matope ikimpuliza sikioni, na sauti ile ikimtajia moja moja jioni zote alizosema kesho, naye akilia, akikubali, "Ni kweli, ni kweli," huku dubu akiishikilia kamba na sungura akipanda, akipanda, mpaka wote wawili wakasimama ng'ambo, mlango ukabamizwa na kitu kilichotoka, na harufu ikakatika.

"Ameondoka," ustadhi alisema, akijifuta jasho.

Fina aliangua kilio, kilio cha mfiwa. Wilfred alimkumbatia. "Nisamehe, mama. Nitacheza na wewe kila siku."

Mtoto alijitoa taratibu mikononi mwake, akamtazama kama anavyotazamwa mgeni.

"Yeye alikuwa hachoki," alisema. "Wewe utachoka lini?"

Wilfred aliiokota pedi ya Fina, akamnyooshea. Ustadhi alikuwa akimtazama pia.